Jiko la vifaranga lisiwe hatari kwa waliolala

Wakazi wengi wa miji yetu siku hizi hawategemei mshahara peke yake. Katika mitaa kama Kayole, Githurai na Kitengela, na hata katika viunga vya Nakuru, Eldoret na Mombasa, si ajabu kusikia mlio wa vifaranga nyuma ya nyumba, ndani ya stoo au katika pembe ya sebule. Mtu hununua vifaranga 50 au 100 wa siku moja, akawabeba ndani ya matatu katika katoni yenye matundu, akafika nao nyumbani kabla ya jua kutua. Jambo la kwanza analoambiwa na aliyemuuzia ni kwamba vifaranga hao wasipigwe na baridi. Jambo ambalo aghalabu haambiwi ni namna ya kuwapa joto bila ya kuhatarisha maisha ya watu wanaolala chini ya paa lilo hilo.

Huenda msomaji akadhani kwamba hii ni mada ya ukurasa wa kilimo. Ingekuwa hivyo kama kila mfugaji angekuwa na shamba na banda lililo mbali na nyumba. Mjini mambo ni tofauti. Chumba ni kimoja au viwili, ua ni wa wapangaji kumi, na kizimba cha vifaranga (wafugaji wenyewe hukiita bruda) hukaa hatua chache kutoka kitandani. Chochote kinachowapa vifaranga joto usiku kucha huwa kinafanya kazi watu wakiwa usingizini. Hapo ndipo suala la kuku linapogeuka kuwa suala la afya.

Kifaranga na baridi

Kifaranga anapoanguliwa huwa amevikwa manyoya laini mithili ya pamba, ambayo hayazuii baridi sana. Mwili wake bado haujaweza kujitengenezea joto la kutosha na kulihifadhi. Uwezo huo humjia polepole katika majuma mawili hivi ya kwanza. Manyoya kamili huchelewa zaidi: kuku wa nyama hufunikwa vyema wakiwa na majuma matatu au manne, na wale wa mayai huchukua hata majuma matano au sita. Kiini cha yai kinachobaki tumboni mwake humlisha kwa siku mbili tatu, na ndiyo sababu anaweza kusafirishwa mbali bila ya kula wala kunywa. Lakini kukaa bila chakula si sawa na kukaa bila joto.

Katika juma la kwanza vifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 kwa kipimo cha Selsiasi. Kipimo hicho huchukuliwa chini, kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga, si ukutani mahali binadamu anaposimama. Baada ya hapo joto hupunguzwa kwa nyuzi kama tatu kila juma mpaka lifike 21 au chini kidogo. Sasa fikiria Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai huweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12. Pengo la kuzibwa ni zaidi ya nyuzi 20. Mkazi wa Mombasa au Malindi ana kazi ndogo zaidi, na mara nyingi kosa lake si kuwanyima vifaranga joto bali ni kuwachoma.

Kipimajoto ni chombo kizuri kuwa nacho, na hakigharimu fedha nyingi. Hata hivyo vifaranga wenyewe husema ukweli kuliko kipimajoto. Wakiwa na baridi hurundikana chini ya taa au kando ya jiko, wakipandana na kulia kwa sauti kali, na walio chini hukosa hewa wakafa. Wakizidiwa na joto hukimbilia ukingoni, wakapanua mbawa na kuhema vinywa wazi. Wakijibana wote upande mmoja tu, jua kuna upepo unaopenya kutoka upande wa pili. Wakitawanyika wakila, wakinywa na kulala huku na huku, waache walivyo. Mfugaji aliyejifunza kuwatazama hivi hana haja ya kuongeza moto kwa kubahatisha saa sita za usiku, na moto unaoongezwa saa hizo ndio huzua misiba mingi.

Makaa: adui asiye na harufu

Jiko la makaa ndilo linalotumiwa na wengi, kwa sababu ambazo kila mtu anazijua. Liko tayari nyumbani, makaa yanauzwa kila kona, na halijali kama stima imepotea. Wafugaji wengine huliwekea chungu au sufuria kuukuu juu ili joto lisambae polepole. Ni njia iliyolea vifaranga wengi nchini, na hatuwezi kuwacheka wanaoitumia.

Lakini makaa yanapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Mtu huivuta bila kujua. Ikifika kwenye damu hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, na hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hivyo hata kiasi kidogo kikivutwa kwa saa nyingi hutosha kujaza damu na kuinyima nafasi ya kubeba hewa safi. Ubongo na moyo, ambavyo havivumilii kukosa oksijeni, huathirika kwanza.

Kuna desturi ya kuliwasha jiko nje, kusubiri moshi uishe na makaa yashike rangi nyekundu, kisha kuliingiza ndani. Watu huamini kwamba moshi ukishaisha hatari nayo imeisha. Si kweli hata kidogo. Moshi unaoonekana ni masizi na mvuke. Kaboni monoksidi haionekani, na makaa yaliyoshika vyema huendelea kuitoa kwa wingi mpaka yatakapozimika kabisa. Tena moshi ulikuwa na faida moja: ungemkohoza mtu akaamka. Makaa mekundu yasiyo na moshi hayamwamshi mtu.

Wapo pia wanaoweka beseni la maji kando ya jiko wakiamini kuwa maji hunyonya sumu. Maji hayanyonyi gesi hii kwa kiasi chochote cha kumsaidia mtu. Wengine hufungua dirisha kwa upana wa kidole. Upenyo huo ni mdogo mno kwa chumba chenye jiko linalowaka usiku kucha, na kwa kawaida ifikapo saa nane za usiku kuna aliyeamka kwa baridi akaufunga.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea. Wengi hudhani ni malaria au homa ya kawaida, wakameza dawa ya maumivu na kurudi kulala katika chumba kile kile. Ishara ya kutilia maanani ni hii: ikiwa watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa na kichwa asubuhi, na wakitoka nje wanapata nafuu, basi tatizo limo ndani ya nyumba. Sumu ikizidi mtu huchanganyikiwa, hushindwa kutembea, huzirai na hatimaye kufa. Mama mjamzito ana hatari ya pekee kwa kuwa gesi hii hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni, na mtoto huyo huweza kudhurika hata ikiwa mama mwenyewe hajaumwa sana.

Ndege nao hawasazwi. Kwa sababu hupumua kwa kasi na miili yao ni midogo, sumu huwashika mapema kuliko binadamu. Wachimba migodi wa makaa ya mawe huko Uingereza walikuwa wakishuka chini na ndege wadogo katika vitundu, na ndege akianguka wao walijua kuwa hewa ni mbaya. Mtindo huo uliendelea mpaka miaka ya 1980, vifaa vya kisasa vilipochukua mahali pake. Kwa hivyo mfugaji anayeamka na kukuta vifaranga 20 wamekufa bila alama ya ugonjwa, huku yeye mwenyewe kichwa kikimgonga, asikimbilie duka la dawa za mifugo kwanza. Afungue milango na madirisha, alitoe jiko, na awatoe watu nje.

Aliyezirai katika chumba chenye jiko atolewe mara moja mpaka penye hewa safi, na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Anayeingia kumtoa afungue mlango na madirisha, wala asikawie ndani, kwani gesi ile ile itamwangusha yeye pia. Maziwa hayamsaidii mgonjwa huyu, ingawa majirani watayaleta. Sumu iko katika damu wala si tumboni, na mtu asiye na fahamu akinyweshwa huweza kupaliwa. Dawa yake ni oksijeni. Akivuta hewa ya kawaida, kiasi cha gesi katika damu hupungua kwa nusu baada ya saa nne au tano. Akipewa oksijeni tupu hospitalini muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu hivi. Aidha, jamaa wamweleze daktari waziwazi kwamba kulikuwa na jiko chumbani. Kile kifaa cha kubana kidoleni, ambacho wengi walikifahamu wakati wa Covid-19, hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksidi kwenye damu, na huweza kuonyesha kuwa mgonjwa yuko salama ilhali sivyo.

Je, makaa yaachwe kabisa? Ndani ya nyumba wanamolala watu, jibu ni ndiyo, na hapa hatuoni nafasi ya kujadiliana. Katika banda lililojitenga, lisilolala mtu, lenye nafasi za hewa juu ya kuta chini ya paa, yanaweza kutumiwa kwa uangalifu. Jiko likae juu ya matofali au mawe, maranda yaondolewe pande zote kwa upana wa mkono mzima, na lizungushiwe wavu wa chuma ili vifaranga wasilikaribie wala kulipindua. Makaa yaongezwe nje. Majivu nayo yasimwagwe kwenye ndoo ya plastiki au karibu na gunia la maranda. Yaliyoonekana kufa jioni huweza kuwa na moto ndani mpaka asubuhi.

Mafuta ya taa

Kandili hutumiwa na walio na vifaranga wachache, 20 au 30, na wengine wenye shida zaidi hutumia koroboi. Joto lake ni dogo, masizi yake ni mengi, na hutoa kaboni monoksidi pia, hasa utambi ukipandishwa sana. Koroboi halifai kabisa kuwekwa kwenye kizimba: halina kioo, na kifaranga mmoja akiliangusha kwenye maranda makavu moto hauchukui dakika kuenea.

Kuna hatari nyingine inayosahauliwa. Nyumba iliyokuwa haitumii mafuta ya taa huanza kuyanunua kwa sababu ya vifaranga, nayo huwekwa katika chupa ya soda au ya maji sakafuni. Mtoto wa miaka miwili huona soda. Akinywa, msimtapishe wala kumpa maziwa kwa lengo la kumfanya atapike. Mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko yanakodhuru zaidi kuliko tumboni. Mvueni nguo zilizolowa, mkimbizeni hospitalini, na mchukue ile chupa mkaionyeshe.

Stima

Taa ya umeme haitoi gesi, na kwa mkazi wa mjini ni afadhali kuliko moto wa aina yoyote. Zipo taa maalumu za joto, aghalabu za wati 250, zenye kioo chekundu au cheupe. Moja hutosha vifaranga wapatao 50, au zaidi ikiwa si msimu wa baridi. Nyekundu ni bora. Mwanga mweupe mkali usiku na mchana huwafanya vifaranga wadonoane, na wakishaonja damu ni vigumu kuwazuia.

Gharama yake hupigwa hesabu kwa urahisi. Taa ya wati 250 ikiwaka saa 24 hula yuniti sita kwa siku, yaani yuniti 42 kwa juma. Zidisha kwa bei unayonunulia tokeni na utajua kama vifaranga wako wanaimudu. Mwenye kizimba kidogo kilichozibwa vyema anaweza kutumia balbu za zamani za wati 60 au 100 kama bado anazipata. Zile balbu za kisasa za kupunguza matumizi ya stima hazitoi joto la maana. Mtu anaweza kuwasha kumi na vifaranga wakafa kwa baridi wakiwa kwenye mwanga mkubwa.

Ubaya wa taa za joto ni moto. Taa hizo huwa kali kiasi cha kuwasha maranda, majani makavu au katoni zikianguka juu yake. Nyingi huanguka kwa sababu moja: zimening'inizwa kwa waya wake wa umeme, au kwa kamba ya katani inayokatika. Taa ifungwe kwa mnyororo au waya wa chuma, na ifungwe mara mbili, mahali pawili tofauti, ili cha kwanza kikikatika cha pili kiishike. Ianzie sentimita 45 au zaidi juu ya maranda, halafu ipandishwe kila juma. Kishikio cha balbu kiwe cha kauri. Cha plastiki huyeyuka. Kuwe na kifuniko cha waya mbele ya kioo. Balbu yenye vumbi na utando wa buibui ipanguswe ikiwa imezimwa na kupoa, na maji ya vifaranga yakae mbali, kwani tone la maji baridi likirukia kioo chenye moto hukipasua.

Waya ndio sehemu inayopuuzwa zaidi katika nyumba zetu za kupanga. Waya mwembamba wa kuongezea, uliounganishwa kwa karatasi ya nailoni, uliopitishwa chini ya mlango na kufunikwa na maranda, ukiwa tayari umebeba televisheni, pasi na sasa taa mbili za vifaranga, ni moto unaongoja siku yake. Waya huo usiachwe ukiwa umezungushwa, maana huhifadhi joto ndani. Panya nao hupenda mahali penye chakula cha kuku, na hutafuna waya. Taa ya joto ikae kwenye soketi yake peke yake, na ikiwa soketi ni ya moto ukiigusa, mwite fundi wa stima kabla ya giza kuingia. Stima ya kuunganishwa kienyeji kutoka kwa jirani haina ulinzi wowote, na kwa mikono iliyolowa maji ya kunyweshea kuku inaweza kuua.

Pana jambo jingine ambalo hata wauzaji wengi hawalijui. Balbu nyingine hupakwa utando wa plastiki ili zisitawanye vioo zikipasuka, na utando huo huwa wa jamii ile ile ya kemikali inayopakwa kwenye sufuria na kikaango kisichoshika chakula. Kemikali hiyo ikipata moto mkali hutoa hewa inayoua ndege kwa muda mfupi. Balbu iliyoandikwa kwamba haipasuki, isiyoeleza kuwa ni ya kuku, iachwe dukani. Kwa sababu hiyo hiyo jikoni si mahali pa kizimba: kikaango cha namna hiyo kikisahaulika motoni kinaweza kumaliza vifaranga wote huku mpishi akihisi kichefuchefu tu, au homa kama ya mafua baadaye.

Gesi

Majiko ya gesi ya kuning'inizwa hutumiwa na wenye vifaranga mamia, na huwa hayana faida kwa mtu mwenye 50. Tunayataja kwa ufupi kwa sababu wengine hujaribu kutumia jiko la kawaida la gesi la kupikia, wakaliacha likiwaka usiku. Wasifanye hivyo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, kule kule vifaranga walipo na moto ulipo. Moto wake uwe wa buluu. Ukigeuka manjano jua haipati hewa ya kutosha na imeanza kutoa kaboni monoksidi. Mtungi ukae nje ya banda, na ununuliwe kwa muuzaji anayetambulika. Mlipuko wa gesi uliotokea Embakasi, Nairobi, Februari 2024, ambao uliua watu na kujeruhi zaidi ya 200, uliwakumbusha wengi jinsi mahali pasipofaa kujazia gesi panavyoweza kuwa karibu na vitanda vyao.

Kizimba kisicho na moto

Kwa mfugaji wa chumba kimoja mwenye vifaranga 20 hadi 30, mwandishi angependekeza njia ambayo haitajwi sana kwa kuwa hakuna anayeuza kitu ndani yake. Kila kifaranga ni jiko dogo. Tatizo lake ni kwamba joto lake linapotea. Lizuie lisipotee, na utakuwa umetimiza sehemu kubwa ya kazi.

Chukua katoni mbili au masanduku mawili ya mbao, moja liingie ndani ya jingine na kubakisha nafasi ya kiganja pande zote. Jaza nafasi hiyo nyasi kavu, maranda au blanketi kuukuu. Chini weka maranda ya kutosha. Juu tengeneza mto mwembamba wa gunia au kitambaa uliojazwa vipande vya nguo, ushuke mpaka ukaribie migongo ya vifaranga, na uupandishe kadiri wanavyokua. Toboa matundu ya hewa juu kidogo ya vichwa vyao, na uache mlango mdogo wa kutokea kwenda kula na kunywa. Usiwajaze wengi. Watano wakikosa nafasi hukanyagwa, na unyevu wa pumzi zao hulowesha kila kitu.

Katika juma la kwanza, hasa Nairobi, Limuru au Nakuru, joto lao wenyewe halitoshi. Hapo huongezwa maji moto. Jerikeni la lita tano hujazwa maji moto yasiyochemka, likafungwa kifuniko barabara, likazungushiwa blanketi na kuwekwa katikati. Maji hushika joto kwa muda mrefu kuliko jiwe la uzito huo huo, na jerikeni lililofunikwa vyema huweza kukaa saa nne hadi sita kabla ya kupoa. Tumia mawili kwa zamu, ili yasipoe yote kwa pamoja. Ligusishe ndani ya mkono wako juu ya kiganja. Likikuunguza litamuunguza kifaranga. Ndiyo, utaamka mara moja au mbili usiku. Mwenye mtoto mchanga huamka zaidi. Tahadhari kubwa ni kwa watoto: maji yachemshwe na kumiminwa wakiwa mbali, kwa maana majeraha ya maji moto ni miongoni mwa yale yanayowaleta watoto wengi hospitalini.

Na asiyetaka shida yoyote kati ya hizi, atafute kuku wa kienyeji anayeatamia. Kuku mmoja huweza kufunika vifaranga 10 hadi 15. Vifaranga wa kununua huingizwa chini yake usiku, yeye akiwa tulivu na kukiwa na giza, na mara nyingi asubuhi huwakubali kama wake. Huyu hahitaji tokeni wala makaa, na hupima joto kuliko sote. Wajukuu wa waliofuga kuku vijijini wanalijua hili, ingawa likisemwa mjini huonekana kama mzaha.

Mahali pa kizimba

Hata joto likiwa salama, vifaranga hawafai kulala na watu. Kifaranga anayeonekana mzima huweza kubeba vijidudu vya salmonela katika kinyesi na kwenye manyoya yake. Vijidudu hivyo humletea binadamu kuhara, homa na maumivu makali ya tumbo, na huwaathiri zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, wajawazito na watu ambao kinga yao ya mwili ni dhaifu. Watoto wasiwabusu vifaranga wala kula wakiwa wamewashika. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwagusa, na vyombo vyao visioshwe kwenye sinki ama karai linaloosha sahani za familia. Vumbi la manyoya na maranda nalo humzidishia mgonjwa wa pumu matatizo.

Stoo iliyotengwa, kibanda cha mabati uani, au veranda iliyozibwa kwa gunia upande wa upepo hufaa zaidi. Kizimba kiwe cha duara, au pembe zake zizibwe kwa hadibodi, ili vifaranga wasirundikane pembeni. Hewa ipite juu yao. Wengi huziba kila tundu wakiogopa baridi, na hasara yake hujitokeza majuma kadhaa baadaye: kuku wa nyama waliolelewa kwenye baridi au hewa nzito hupatwa kwa urahisi na ugonjwa wa tumbo kujaa maji, hasa sehemu za miinuko kama zetu ambako hewa yenyewe ina oksijeni kidogo.

Lililobaki ni kujiandaa kwa stima kupotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023. Usiku kama huo ndio mtu mwenye busara zake zote huingiza jiko chumbani "kwa saa moja tu". Chupa mbili tatu za chai zilizojazwa maji moto tangu jioni, jerikeni tupu na blanketi la kufunikia kizimba, likiachwa wazi upande mmoja, huwavusha vifaranga mpaka asubuhi.

Kuanzia juma la nne hivi, ukiona manyoya yamefunika mgongo na kifua, anza kuondoa joto mchana huku ukiliacha usiku. Baada ya siku tatu nne lizime usiku mmoja usio na baridi kali na uwatazame alfajiri kabla hawajaamka. Ukiwakuta wamelala wametawanyika, taa ifunguliwe na kuwekwa kabatini. Wakiwa wamejibana pembe moja, wawashie kwa siku nyingine mbili tatu ujaribu tena.